Itifaki ilivyokula presentation yangu Avignon, na daraja nililorudi nalo Joburg

Wakuu, shikamooni kwa mnaostahili, wengine mambo vipi.

Ninachoandika hapa kimenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Anayetaka ushahidi aje ofisini kwetu Braamfontein, hapa Joburg, nimuonyeshe koti, maana koti nalo limo kwenye kisa.

Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Iringa, mhandisi wa madaraja. Joburg nimekaa miaka ya kutosha kuita taa za barabarani "robot" bila kufikiri. Nafanya kazi na bosi wangu, Dokta Njeri, Mkenya, na kazi yetu ni kusikiliza madaraja.

Ndiyo, kusikiliza.

Gari likipita juu ya daraja la mawe, daraja linatikisika kidogo. Sisi tunabandika vifaa vidogo vinavyonasa huo mtikisiko, halafu kompyuta inatuambia wapi mawe yameshikana na wapi yameanza kuachana. Ni kama daktari anavyosikiliza kifua cha mgonjwa.

Tatizo letu lilikuwa moja tu. Huku madaraja ya mawe ya kale ni machache, na tuliloruhusiwa kulisikiliza lilikuwa moja, tena dogo. Wakubwa wa ofisi wakatuambia wazi: tafuteni daraja la kale kweli kweli mpime njia yenu, la sivyo mwaka ukiisha project inafungwa.

Njeri ndiye aliyeanzisha hiyo project. Alikuwa ameipigania tangu kabla mimi sijaajiriwa, na niliona jinsi ile habari ilivyomkosesha raha. Chai anapika, anaisahau mezani.

Basi ukaja mwaliko wa mkutano wa wahandisi wa madaraja ya kale, mji wa Avignon, kusini mwa Ufaransa. Nafasi ya mtu mmoja, presentation dakika kumi. Njeri alikuwa amebanwa, nikaambiwa niende mimi.

Siku naaga ofisini akaniambia, "Wewe ndugu yangu, usirudi bila daraja. Na tafadhali usianze zile hotuba zenu. Nyinyi Watanzania mnasalimia mpaka chai inapoa."

Nikacheka. Nilidhani ananitania tu.

Sasa koti.

Pale Berea ninapokaa kuna mama Mkongo wa Bukavu, anaitwa Mama Solange, fundi cherehani. Ghorofa nzima tunavaa mikono yake. Aliposikia naenda Ufaransa akakataa kabisa nivae suti ya dukani. Akanishonea koti la kitenge, rangi ya samawati na njano, lina kola kama la waziri. Wakati ananijaribisha akawa ananifundisha na Kifaransa, pini mdomoni.

"Sikia, baba. Kule mbele ya yote unasemaka bonjour. Kila mutu. Kama hausalimie mutu, hata maji hatakupatia."

Nikayashika hayo maneno. Bosi anasema usisalimie sana, Mama Solange anasema salimia kila mtu. Mimi ni mtoto wa Iringa, mnadhani nilimsikiliza nani?

Nikaruka hadi Paris, nikapanda treni kwenda kusini. Aisee, Avignon ni mji wa haja. Mji wa zamani wote umezungukwa na ukuta wa mawe, mzima mpaka leo, unapita kwenye lango kama unaingia uwani kwa mtu. Ndani vichochoro, viwanja vyenye miti, watu wamekaa nje na vikombe vidogo vya kahawa kama hawana haraka na maisha.

Na Mama Solange alikuwa sahihi. Nilisema bonjour kwa muuza mkate, bonjour kwa dereva wa basi, bonjour kwa mzee aliyekuwa na mbwa. Wote wakaitikia, na yule mzee akanionyesha njia mpaka mlangoni. Nikajisemea kimoyomoyo, hawa watu nawaweza.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Zamu yangu ikafika. Ukumbi mkubwa, wahandisi kutoka kila kona, na nyuma kabisa kibanda cha vioo cha wakalimani. Mwenyekiti wa kikao alikuwa mama mmoja mtu mzima, Madame Odile, mwembamba, miwani kwenye kamba, kadi nyekundu mkononi ya kukuonyesha muda umeisha.

Nikapanda na koti langu. Wakuu, mimi nimekulia kwenye mikutano ambayo mtu hawezi kuomba hata kiti kisogezwe kabla hajatambua meza kuu. Miguu ilipogusa jukwaa, mdomo ukaenda wenyewe.

Nikamtambua Mwenyekiti. Nikawatambua wenyeji wetu wa mji wa Avignon. Nikawatambua wazee wa fani waliokaa mbele. Nikawataja walionitangulia kuzungumza, mmoja mmoja, na nikamsifu kila mmoja kwa jambo lake. Nikawatambua wakalimani kule kwenye kioo, fundi wa vipaza sauti, na akina mama na akina baba wa jikoni waliotupikia mchana. Nikaleta salamu za Dokta Njeri, salamu za Johannesburg, na salamu za Iringa ambazo hakuna aliyenituma. Nikawapa pole na upepo, maana kule kuna upepo mkali una mpaka jina lake, mistral.

Kisha nikasema kwa Kiingereza kwamba baada ya kusema hayo, itifaki imezingatiwa.

Nikafungua slide ya kwanza. Picha ya daraja letu dogo, watu wakatabasamu. Slide ya pili, vifaa vyetu. Ya tatu, jinsi tulivyovibandika. Nikasema, "Na tulipolisikiliza, daraja likatuambia kwamba..."

Kadi nyekundu.

Nikadhani amekosea. Nikamtazama, akaniinamishia kichwa kwa adabu kabisa. "Merci, monsieur." Mwingine alikuwa ameshasimama na kompyuta yake.

Nikashuka. Makofi yalipigwa, lakini yale ya kumsaidia mtu afike kwenye kiti. Masikio yalikuwa ya moto. Matokeo yote, kazi yetu ya miaka, na lile ombi la daraja lililokuwa kwenye slide ya mwisho, vyote vilibaki kwenye kompyuta.

Njeri akanitumia ujumbe: "Umepata daraja?"

Nikairudisha simu mfukoni.

Alasiri wenyeji wakatutembeza mji. Nilikwenda kwa kuwa kukaa hotelini kungeniua. Wakatupeleka kwenye jumba walilokaa mapapa karne ya kumi na nne. Ndugu zangu, lile ni jumba. Ukumbi mmoja unaweza kuficha jengo letu la Berea. Nikapiga picha nikamtumia Mama Solange, ambaye ni Mkatoliki wa kuamkia misa. Akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Baba, uniombee hapo hapo, usitoke." Nikamwombea yeye, nikajiongeza na mimi.

Halafu wakatupeleka kwenye daraja.

Daraja la Avignon ni maarufu duniani, na sababu yenyewe ni kwamba halifiki. Zamani lilikuwa na matao zaidi ya ishirini kuvuka mto Rhône. Mafuriko yakawa yanabomoa, watu wanajenga, yanabomoa, wanajenga, mwisho wakachoka. Yamebaki matao manne na kikanisa kidogo juu yake. Unatembea, unatembea, katikati ya maji daraja limekatika, unageuka.

Nikasimama pale mwisho, upepo unalipepea koti, nikacheka peke yangu. Mhandisi aliyekatishwa katikati, juu ya daraja lililokatishwa katikati. Nikapiga picha, nikamtumia Njeri: "Daraja nimepata, ila ni nusu."

Akajibu, "Nusu si daraja."

Ile ilinichoma. Najua alikuwa anatania, lakini nilimwona pale ofisini na chai yake iliyopoa.

Ndipo mtu akanigusa bega. Dada mmoja, Claire, akasema yeye ndiye mkalimani aliyekuwa kwenye kile kibanda. Akaniambia kwamba kwa miaka yote ya kazi yake hajawahi kusalimiwa na msemaji aliye jukwaani. Mwenzake kibandani alishtuka mpaka akasahau kutafsiri.

Kisha akauliza, "Lakini umeniacha njiani. Daraja liliwaambia nini?"

Akawa ameuliza kwa sauti. Wahandisi wawili waliokuwa wanapiga picha wakageuka, wakasema nao walitaka kujua. Mmoja alikuwa ni yule niliyemsifu kwa kazi yake ya chokaa. Mwingine akasogea. Tukawa kikundi, upepo unatupiga, watalii wanatupita. Mara naona miwani kwenye kamba. Madame Odile.

Akasema, "Endelea. Lakini tafadhali, bila familia nzima."

Watu wakacheka, nami nikacheka.

Wakuu, nilimaliza presentation yangu pale pale, nimeegemea ukuta wa daraja, bila slide, bila kipaza sauti. Nikawaambia daraja letu lilituambia upande wa kushoto kuna mawe yameachana, mahali ambapo kwa macho palionekana pazima. Mafundi walipofungua, wakakuta ni kweli. Nikawasikilizisha na ule mtikisiko kwenye simu, tuliougeuza kuwa sauti. Kwenye mawe mazima ni mvumo mzito, kwenye mawe yaliyoachana unakuwa kama mtu anayekohoa kidogo. Claire akaomba arudie kusikiliza.

Madame Odile hakucheka tena. Akaanza kunibana na maswali, moja baada ya jingine, magumu. Mvua ikinyesha inakuwaje? Mnajuaje si magari tu? Nilijibu niliyoyajua, na mawili nikamwambia sijui.

Kisha akauliza, "Kwa nini hukuanzia hapa?"

Nikamwambia ukweli. Kwetu usipomsalimia mtu, hasikii utakachosema baadaye.

Akasema, "Na huku ukimsalimia mno, hakibaki cha kusikia."

Hapo nikamweleza shida yetu waziwazi, kwamba tusipopata daraja la kale project inakufa. Kumbe yule mama, pamoja na ile kadi yake nyekundu, ndiye anayesimamia madaraja madogo ya mawe ya vijiji vya upande wao. Ana moja linalomnyima usingizi. Lina kumbukumbu zote za matengenezo, na kila mtaalamu anamwambia lake.

"Njooni mlisikilize," akasema. "Na hilo koti zuri uje nalo."

Eish. Hapo hapo nikamwandikia Njeri: "Nimepata zima."

Hakujibu kwa maandishi. Alipiga simu, na kitu cha kwanza nilichosikia ni ofisi nzima nyuma yake inashangilia.

Tulikwenda, tukalisikiliza, na project bado ipo. Maelezo ya kitaalamu siwawekei, mtalala. Nataka niwape kipande kimoja tu cha mwisho.

Juzi juzi Madame Odile naye kaja Joburg kuona tunavyofanya kazi. Tukamwandalia kikao kidogo Braamfontein, dakika kumi na yeye. Mama Solange nilimwalika, alitaka kumwona mtu aliyelisifu koti lake. Safari hii kadi nyekundu nilishika mimi.

Akasimama, akavaa miwani. Akamtambua Dokta Njeri. Akawatambua wahandisi, mmoja mmoja. Akamtambua mlinzi wetu wa getini, Mkongo wa Lubumbashi, ambaye walikuwa wameshapiga soga ya Kifaransa asubuhi. Akamtambua dada aliyepika chai. Akamtambua Mama Solange na mikono yake, Mama Solange akainuka na kuzunguka kidogo ili aonekane vizuri. Akaleta salamu za Avignon na salamu za Claire.

Kisha akaniangalia mimi, akasema kwa Kiswahili alichonilazimisha nimfundishe: "Itifaki imezingatiwa."

Hapo dakika kumi zilikuwa zimekwisha, na slide ya kwanza haijafunguliwa.

Nikamtazama Njeri. Njeri akanyoosha mkono, akaichukua ile kadi, akaikalia.

Somo nililopata wakuu: mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Na heshima ya kwenu usiiache uwanja wa ndege, ila ukiwa ugenini ipime na saa ya wenyeji. Mimi siku hizi nikipewa dakika kumi, nusu dakika nasalimia, na wakalimani siwaruki.

Karibuni mchangie, hasa mliowahi kukatishwa mbele za watu, au mliozunguka nchi za watu kwa kazi mkarudi na kisa. Itifaki nimeshawamalizia hapo juu, nendeni moja kwa moja kwenye pointi.