Wasifu Niliomwandikia Baba

Baba alipofariki, kikao cha ukoo kilinikabidhi mimi kazi ya kuandika wasifu wake, ule unaosomwa kabla jeneza halijashushwa. Hapakuwa na mjadala. Nilikuwa chuo kikuu nikimalizia shahada ya uzamili, na baba mdogo alisema tu, "Kalamu iko hapa, tunatafuta nini tena?" Nilikubali upesi kuliko ilivyofaa. Nilitaka siku ile, mbele ya Machame nzima, ijulikane kwamba aliyemjua baba kuliko wote ni mimi.

Tarehe nilikuwa nazo: kuzaliwa, kipaimara, ndoa, kuajiriwa fundi mitambo katika kiwanda kimoja cha Moshi mjini, kustaafu mwaka mmoja kabla kiwanda hakijauzwa na wenzake kupunguzwa. Zilijaza nusu ukurasa. Nusu ya pili ilipaswa kueleza alikuwa mtu wa namna gani. Niliikodolea macho asubuhi nzima, kisha nikafanya nilichokuwa nikikiepuka. Nikaenda kumwuliza shemeji.

Shemeji ni mume wa dada yangu, mtu wa Kigoma, mchomeaji vyuma kwenye mashamba ya miwa kule tambarare. Tangu amwoe dada, kila Jumapili baada ya ibada alipanda mlimani, yeye na baba wakatoka pamoja kwenda kutengeneza mashine za watu za kumenyea kahawa. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka na wengine walikuwa wakiing'oa wapande nyanya, lakini baba alihudumia hata mashine isiyomenya zaidi ya madebe mawili kwa msimu. Likizo zangu zote niliwasikia wakiondoka.

"Mkwe, leo umeleta mikono au umeleta tumbo tu?"

"Vyote, mzee. Tumbo ndilo linaloendesha mikono."

Baba alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Mimi nilipowahi kushika spana yake, aliipokea taratibu kutoka mkononi mwangu. "Lete, mama. Mikono hii ni ya kalamu." Alisema kwa upendo. Nimeipima kauli hiyo kwa miaka mingi na sijaona ubaya ndani yake. Hata hivyo, alichoninyima mimi alimpa mtu aliyekuja na mahari.

Nilimkuta shemeji nyuma ya zizi akipiga msasa msalaba wa chuma wa kaburi. Vifaa vilikuwa vya baba. Nilitambua mpini wa kila kimoja, na hakuna hata kimoja nilichojua kukitumia.

Alinieleza bila kubania. Kwamba baba hakugusa mashine ya mtu kabla hajaketi, hajanywa kata moja ya mbege, pombe yetu ya ndizi, hajauliza habari za kila mtoto wa nyumba ile kwa jina. Kwamba Jumapili moja, kwa bibi mjane aliyeishi chini ya kihamba chetu, shamba letu la migomba, mashine iligoma, na baba akalala chini, akaweka ncha ya bisibisi kwenye ekseli na mpini wake sikioni, akafumba macho. Shemeji akazungusha gurudumu polepole. "Huyu anakohoa tu," baba akatangaza. "Mpeni mafuta, msimwite mchungaji bado." Bibi alicheka mpaka akaketi kwenye nyasi.

Niliandika kila neno. Wivu ulikuwa umenikaba kiasi kwamba niliandika kwa mwandiko mzuri kupita kawaida yangu.

Makaburini sauti haikunisaliti. Nilisoma: "Nakumbuka nikizungusha gurudumu, baba amelala chini, bisibisi sikioni." Nikakumbuka mbele ya watu wote jambo ambalo sikuwahi kuliona. Watu walicheka, kisha wakalia. Shemeji alisimama upande wa wenye makoleo, akiangalia udongo.

Wakati wa chakula, bibi yule mjane alinijia huku akijikongoja. Nilimwamkia.

"Marahaba. Umesoma vizuri, mjukuu wangu. Ila siku ile kwangu hukuwepo. Aliyezungusha ni huyu mkwe wenu."

Hakusema kwa ubaya, ila alisema kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri. Wale waliokuwa karibu waliacha kutafuna ndizi za machalari. Nilianza kuikunja karatasi ya wasifu.

Shemeji aliweka sahani chini. "Alikuwepo, bibi. Tulikuwa watatu. Wewe ulikuwa majanini unacheka, ungemwona saa ngapi?"

Bibi alifikiri. "Labda," akasema. "Macho haya nayo." Akacheka, na wengine wakacheka naye.

Ndivyo baba angefanya. Angemfunika mtu aibu kwa mzaha, kisha arudie sahani yake. Kati ya vyote alivyorithi mtu yule, hicho ndicho nilichomwonea wivu mkali zaidi, nami nilikuwa nimesimama pale nikifaidika nacho. Nilichukua birika nikammiminia shemeji maji anawe. "Asante, shemeji," akasema, kana kwamba mimi ndiye niliyemsitiri.

Bibi naye amekwisha kufariki. Dada ameuhifadhi ule wasifu ndani ya Biblia, na watoto wake, wanaojifunza kusoma, wanaupenda pale penye bisibisi. Huja kuniuliza mimi, si baba yao, ekseli ilikuwa ikilia vipi. Shemeji huwa anasikia kutoka barazani. Nami huwajibu.