Njumu za Mguu wa Kushoto

Shangazi yangu hashabikii timu yoyote. Ukimshangaa, maana yeye ndiye mtunza stoo wa chama cha mpira cha wilaya, atakujibu bila hata kutabasamu, "Siku timu yangu ikifungwa nitalia. Nikilia sioni. Nisipoona, mtu anaingia stoo."

Pale ofisini wanamwita Kufuli. Anajua, na nadhani jina lenyewe analipenda. Funguo zake nane anazivaa shingoni kwa kamba ya viatu, ndani ya blauzi, na akitembea unasikia mlio kama wa kijiko ndani ya kikombe. Kila mpira anaoutoa stoo ameuwekea kidoti cha rangi ya kucha karibu na tundu la kujazia upepo. Rangi anaibadilisha kila mwezi, na hasemi mwezi huu ni ipi. Jezi zikirudi anazinusa moja moja. Kuna kocha aliwahi kurudisha jezi kumi na moja, akaambiwa, "Hii namba saba haikuvaliwa uwanjani. Hii imekwenda harusini." Kocha akacheka, halafu akaacha kucheka, halafu akaomba msamaha.

Mimi naishi naye tangu nianze sekondari kwa sababu kwake ni karibu na shule. Mchana napitia stoo, nakaa juu ya rundo la nyavu kuukuu, nafanya kazi zangu za shule na kumuuliza maswali. Walimu wameandika kwenye ripoti yangu kwamba nauliza sana. Mpaka leo sijajua kama walikuwa wananisifu.

Siku moja nilimuuliza kwa nini hafungui kitu chochote akiwa peke yake, hata boksi la chaki. Akaniambia habari za mtu aliyemtangulia kwenye kazi ile. Yule bwana alipokea kifurushi cha filimbi za waamuzi, akakifungua peke yake saa ya chakula, zikakutwa mbili pungufu. Wiki ile ile akafukuzwa.

"Aliiba?" nikauliza.

"Hakuiba."

"Sasa mbona walimfukuza?"

"Nani aliona kwamba hakuiba?"

Tangu hapo Shangazi hafungui kitu bila mashahidi wawili. Hiyo ndiyo kanuni yake, na ndiyo karibu imkoseshe kazi.

Mwaka huu klabu moja kubwa ya ng'ambo ilitangaza kwamba inataka kukuza soka katika nchi kama yetu. Klabu yenyewe kila mtu anaijua. Picha za wachezaji wake zimebandikwa kwa kinyozi, mwalimu wetu wa hesabu huvaa skafu yake kwenye joto, na Jumatatu wenzangu darasani hugombana kwa ajili yake kama vile wanalipwa mshahara. Walimtuma mtaalamu wao mmoja, mrefu, mwenye kofia, aje kufundisha makocha wetu kwa wiki tatu. Na waliahidi njumu jozi mia mbili kwa ajili ya ligi mpya ya shule, wasichana na wavulana, wilaya yetu pamoja na wilaya jirani. Sisi ndio tulipangiwa kuzipokea kwa niaba ya wote. Ligi ianze Jumamosi.

Mji mzima ulifurahi. Shangazi alibana midomo.

"Wanatafuta nini?" akaniuliza tukiwa tunaosha vyombo.

"Labda wanapenda mpira tu, Shangazi."

"Hata mimi napenda sukari. Umeshaniona nikimpelekea jirani gunia?"

Shangazi hakumwelewa hata yule Mtaalamu. "Yule anachekacheka na kila mtu. Mtu mzima hawezi kufurahishwa na watu wote siku nzima. Kuna kitu."

Katoni ishirini zilifika Jumanne jioni. Mwenyekiti wa chama alikuwa safarini, kwa hiyo Shangazi alizipokea, akakagua mikanda ya gundi, akazifungia ndani. Wiki ile shule zilikuwa zimefungwa, ndiyo maana Jumatano asubuhi nilikuwepo Mwenyekiti na Katibu walipokuja kushuhudia zikifunguliwa.

Shangazi alikata mkanda wa katoni ya kwanza kwa wembe. Akatoa njumu. Nzuri, nyeusi, ina mstari wa njano. Akatoa ya pili, akaiweka pembeni ya mwenzake, akaitazama. Akatoa ya tatu. Kufika ya kumi katoni ilikuwa tupu. Tulifungua katoni zote ishirini. Njumu mia mbili, za kila saizi, na zote za mguu wa kushoto.

"Za kulia ziko wapi?" Mwenyekiti akauliza.

"Nimepokea katoni ishirini, nimefungia katoni ishirini," Shangazi akasema.

Katibu akavua miwani, akaipangusa kwa tai. "Samahani, mama. Nauliza tu. Usiku ufunguo ulikuwa na nani?"

"Ulikuwa shingoni kwangu."

"Na mwingine?"

"Hakuna mwingine."

Katibu akavaa miwani yake tena, polepole, kama mtu aliyemaliza kazi.

Mwenyekiti si mtu wa kelele. Aliinua njumu moja, akaigeuza chini juu, akairudisha. "Dada, tumefanya kazi pamoja miaka tisa. Lakini Jumamosi asubuhi wageni watakuwa uwanjani na watoto watakuwa na mguu mmoja peku. Mpaka hapo kama za kulia hazijaonekana, utaniletea funguo."

Njiani kurudi nyumbani sikuzisikia funguo za Shangazi. Alikuwa amezishika kwa mkono juu ya blauzi.

Alhamisi alianza kuwachunguza watu. Alianza na dereva wa pikapu ya chama, aliyezileta katoni kutoka bohari ya mizigo. Tulimkuta amelala chini ya gari, miguu nje, na Shangazi aliitazama ile miguu kwanza kabla ya kusalimia.

"Simama hapo nikuulize. Njiani ulisimama wapi?"

"Nilisimama kununua maji. Mama Kufuli, hebu fikiri. Niibe njumu za mguu mmoja nimpelekee nani? Timu gani hiyo inachezea mguu mmoja?"

"Usinitanie. Labda za kushoto ulikuwa unazirudia."

Dereva akajirudisha chini ya gari. Kicheko chake kilisikika kule chini.

Baada ya dereva ilikuwa zamu ya Katibu, kwa sababu ndiye aliyewahi kuuliza habari za ufunguo. "Mwenye haraka ya kunyoosha kidole, kidole chenyewe kichafu," Shangazi aliniambia. Halafu Mwenyekiti, kwa sababu alikuwa safarini siku ile ile. Halafu Mtaalamu na kucheka kwake. Jioni, tunakula, akaacha kutafuna.

"Wewe siku hizi unavaa saizi gani?"

Nilidhani ni mzaha, nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia, thelathini na tisa. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeandika jambo, akaendelea kula. Iliniuma, siwezi kusema uongo. Lakini na mimi nina langu la kukiri. Alipokwenda kuoga nilichungulia chini ya kitanda chake. Kulikuwa na sanduku la nguo na ndara. Niliona aibu, ila nilifungua na sanduku.

Ijumaa asubuhi nilimwambia, "Shangazi, kwa nini tusimuulize Mtaalamu?"

"Unamwuliza mwizi kama ameiba? Atakwambia nini?"

Basi nikaenda mwenyewe. Nilimkuta uwanjani anapanga koni za mafunzo. Shikamoo haielewi, kwa hiyo nilimsalimia kwa Kiingereza changu cha darasani, mikono nyuma kama niko mbele ya mwalimu mkuu. Nilianza na swali la Shangazi kwa sababu lilikuwa linanikereketa: klabu yenu inatafuta nini kwetu?

Hakucheka safari hii. Alisema wanataka watoto wa huku wakue wakiipenda klabu yao, wavae jezi zake, waangalie mechi zake. Na akitokea mmoja mwenye kipaji, wanataka wamwone wao kabla ya wengine. "Hilo si siri," akasema.

Ndipo nikamwambia habari ya njumu. Akanitazama kama mtu anayesubiri nimalize kichekesho.

"Lakini ndivyo tulivyopanga," akasema. Nchi ya kwanza walikopeleka njumu, zilipotea zote njiani. Ya pili, nusu. Tangu hapo wanatuma za kushoto mji mmoja na za kulia mji mwingine, maana njumu isiyo na mwenzake haiuziki. Za kulia ziko kwenye stoo ya wilaya jirani, tangu Jumanne. Stoo mbili zilitakiwa kupigiana simu. "Yote yamo kwenye barua. Tulimwandikia mtunza stoo peke yake. Watu wengi wakijua, ujanja wenyewe haufai tena."

Nilikimbia mpaka stoo. Shangazi alikuwa anapanga njumu za kushoto kwa saizi, kana kwamba zikipangwa vizuri za kulia zitajitokeza. Nilipotaja barua, mkono wake ulisimama.

Alifungua kabati la chuma. Akatoa bahasha ya kaki, ndefu, haijaguswa. Juu imeandikwa jina la cheo chake, na chini yake, kwa herufi kubwa: SIRI. IFUNGULIWE NA MHUSIKA PEKE YAKE.

"Ina siku ngapi humu?"

"Kumi na nane."

"Shangazi, kwa nini hukuifungua?"

Akakaa juu ya katoni. "Nikiifungua peke yangu, ndani kukiwa na kitu pungufu, nimekwisha. Nikiita mashahidi, imeandikwa siri, nimevunja siri. Nikaona bora ikae."

Mimi ndiye niliyetoa wazo lililofuata, na najua halikuwa zuri. "Hakuna anayejua ipo. Tunaweza kusema haikufika."

Aliigeuza bahasha mkononi. Nilidhani anawaza.

"Aliyenipa mkononi ni Katibu. Nikisema haikufika, mwizi atakuwa yeye." Akasimama, akapangusa sketi. "Na simpendi yule. Lakini hakuiba barua."

Alikwenda nayo ofisini kwa Mwenyekiti, mimi nyuma yake. Akaiweka mezani, akamwita Katibu, akasema, "Nataka mashahidi wawili. Bahasha hii imekaa kwangu siku kumi na nane kwa makosa yangu. Fungueni."

Katibu alisoma kwa sauti. Alipofika katikati alianza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani. Mwenyekiti hakucheka. Alisema, "Nenda kazilete. Habari ya funguo, kesho."

Mtunza stoo wa wilaya jirani ni mzee mwembamba anayevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso. Tulimkuta amekaa mlangoni kwake, mgongo umeegemea kufuli.

"Shikamoo, mzee," Shangazi akasema. "Tumekuja kwa ajili ya njumu za kulia."

"Marahaba. Mmechelewa. Barua yangu niliisoma siku ile ile. Imesema mtapiga simu. Hamkupiga. Nikajua hawa wana lao."

"Sasa tumekuja. Tupatie tupakie."

"Za kushoto ziko wapi?"

"Stoo kwangu."

"Nitajuaje?"

Shangazi akatoa njumu moja ya kushoto kwenye mkoba. Mzee akaigeuza, akainusa. Naapa aliinusa.

"Hii ni moja," akasema. "Moja hata mimi naweza kuiokota. Nikikupa za kulia zote, kesho utaniambia umezipata pungufu."

"Na mimi nikikuletea za kushoto zote, wewe utaniambiaje?"

"Hivyo hivyo."

Walitazamana. Nilikuwa sijawahi kumwona Shangazi akimtazama mtu kwa heshima namna ile. Dereva alizima gari, akafungua karanga.

Mwishowe mzee alikubali njumu ziondoke kama na yeye ataondoka nazo. Alipanda nyuma ya pikapu, akakaa juu ya katoni, juani. Kiti cha mbele kilikuwa na nafasi, lakini Shangazi naye akapanda nyuma. Hakuweza kumwacha mzee peke yake na njumu. Safari ya saa moja na nusu walikaa wameangaliana, kila mmoja ameshikilia kamba yake ya funguo, na dereva akaniambia kwamba tangu azaliwe hajawahi kupakia mzigo unaolindwa hivi.

Kazi ya kuzipatanisha ilianza saa tisa mchana. Shangazi anatoa ya kushoto, mzee anatoa ya kulia, wanataja saizi kwa pamoja, Katibu anafunga kamba za jozi pamoja. Hakuna aliyetangulia kutoa. Kama mmoja akisitasita, mwingine anarudisha mkono. Kabla jua halijazama jozi zilitimia mia mbili, na mzee akaomba chumba chenye dirisha linalotazama stoo.

Jumamosi ligi ilianza. Timu ya wasichana ya shule yetu ilifungwa mawili kwa sifuri na wale wa jirani, kwa hiyo sitaieleza mechi. Wakati wa mapumziko Shangazi alimfuata Mwenyekiti pembeni ya uwanja, akavuta kamba kutoka kwenye blauzi, akaipitisha kichwani, akamkabidhi funguo zote nane bila kuulizwa.

Mwenyekiti alizipima uzito kiganjani.

"Dada, nilikushuku."

"Ulifanya sawa. Ningekuwa mimi, nisingengoja mpaka Jumamosi."

Mwenyekiti akatazama watoto, wanabadilishana pande, miguu yote imevaa. Akamrudishia funguo. "Stoo ni yako. Lakini barua, kuanzia leo, zote atafungua Katibu."

Hilo lilimchoma. Katibu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, anajifanya anaangalia mpira.

"Sawa," Shangazi akasema, akivaa kamba yake. "Ila akizifungua, niwepo. Mimi na mtu mwingine mmoja."