Ua la Mama Huku Faza

Mama alitufundisha kwamba ua huangaliwa kwa macho, mikono ikiwa mgongoni. Njia yetu ya kanisani, kule bara, ilipita ukingoni mwa msitu, na hapo airisi za porini zilichanua nyeupe, zenye doa la njano. Kila ua huishi siku moja tu, asubuhi linafunguka, jioni limekwisha. Tulichelewa ibada mara nyingi kwa ajili yake.

Baadaye mama alichimba shina moja akalipanda nyuma ya jikoni. Nilipoletwa Faza, huku kisiwani, kufundisha, nilikata kipande chenye mizizi nikakifunga kwa gazeti. Wenzangu walikuja na majiko ya gesi, mimi nikaja na majani.

Miaka miwili yalibaki majani matupu. Maji ya kwenye jabia, birika la kukinga mvua, ni ya kunywa, na ukiyamwagia ua utajitafutia maneno, kwa hiyo nililipa maji ya kuoshea mchele. Mwaka huu dada akapiga simu. Presha ya macho imemmaliza mama jicho la kushoto, na la kulia daktari haahidi kitu. Mama akamnyang'anya simu: "Likichanua nionyeshe, kabla sijafungiwa dirisha."

Alhamisi jioni tumba moja lilikuwa limevimba, ncha yake nyeupe. Nikamwambia dada amwandae mama asubuhi. Mtu mzima mimi, nililala vibaya kwa ajili ya ua.

Asubuhi nikakuta bua limekatwa.

Mwenye nyumba wangu, bibi anayenipikia uji nikiugua, alikuwa mlangoni anatabasamu, ananiita kwa mkono. "Ndoo, mwanangu, leo Ijumaa." Akanibandika kikuba, kishada cha maua ya kunukia, kifuani. Huku asumini huchumwa ingali tumba, ifungukie kifuani mwa mtu. Ua likichanulia mtini, wanaona limepotea bure. Na yeye alikuwa amelingoja hili miaka miwili, kama mimi.

"Halinukii, maskini," alisema. "Nimelitia asumini na rihani."

Tumba langu lilikuwa katikati, limefumba, sindano imelipita tumboni. Nilitaka kumfokea, nilitaka kulia. Nikasema, "Ahsante, Bi."

Simu ikalia, ya video. Mama alisogeza uso mpaka nikaona jicho peke yake. Nikakiinua kikuba.

"Naona cheupe," alisema. Asumini zilikuwa zimefunguka zote. "Ndilo?"

"Ndilo, mama."

"Limechanua vizuri?"

"Vizuri sana."

Akamwambia dada asiikate simu, aachwe alitazame mpaka atosheke. Mkono wangu ulianza kuuma, sikuushusha.

Bibi akaninong'oneza begani, "Mama amekipenda kikuba?"

Nikamwambia amekipenda.