Maneno ya Mama Hadija Hayakungoja Urembo

Ipo siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka.

Vita vilikuwa vimetutawanya. Mimi nilikuwa binti, nafanya kazi katika duka la vitambaa la Bwana Nasoro, pale mtaani Nyakabiga. Yeye alikuwa amefungua tovuti ili watu wetu waliokimbilia nje wapate habari za nyumbani. Maneno niliandika mimi. Sura ya ukurasa ilikuwa kazi ya mpwa wake, Jamali, aliyeuchora kwanza kwa programu ya usanifu kwenye kompyuta ya dukani, na akisharidhika ndipo aupeleke mtandaoni. Na kuridhika kwake, mwanangu, kulikuwa kwa taabu!

Basi Jumatano moja akaja mfanyabiashara kutoka Kigoma. Alisema kule Dar es Salaam kijana wetu Rajabu amesikia kwamba mama yake, Mama Hadija wa Cibitoke, ameuawa. Amekwisha nunua ng'ombe, Ijumaa anamsomea hitima. Na Mama Hadija mwenyewe alikuwa amekaa hapo dukani, anakunywa chai! Alikimbia nyumba ikiwaka, na namba ya simu ya mwanawe ikateketea humo; yule mfanyabiashara naye hakuwa nayo.

"Andika," akaniambia kwa hasira. "We Rajabu, mi niko muzima. Nyumba imeungua, mi sikuungua. Hiyo ngombe rudisha. Andika vilevile, atajua ni mi nasema."

Jamali akatikisa kichwa. Kisanduku cha maneno alichokichora kwenye ukurasa kilibeba mstari mmoja tu.

"Haiingii hapa. Weka tu 'yuko salama'. Na ukurasa itatoka wiki ijayo, ikisha kuwa muzuri."

"Wiki ijayo hitima itakuwa imeshasomwa!" nikamjibu.

Nikatoka. Nikaenda saiba, kule wanakolipisha intaneti, nikafungua tovuti yenyewe, nikaandika humohumo mtandaoni, neno kwa neno, na namba ya simu ya duka chini yake. Herufi zilikaa ovyo, zikapanda juu ya picha ya vitenge. Sikujali hata kidogo.

Bwana Nasoro alipoona akafoka. "We binti, umetutia haya! Futa hii!"

"Apana, Bwana Nasoro. Unifukuze kama unataka, mi sifuti."

Nikarudi mezani kupima vitambaa.

Alhamisi mchana simu ya dukani ikalia. Alikuwa Rajabu, analia hata maneno hayasikiki. Mama Hadija akaninyang'anya simu.

"Unalia nini? Mutu unamusomea hitima ndio anakuongelesha!"

Bwana Nasoro akageukia mashelfu akijipangusa macho. Hakuniambia tena nifute.

Mwanangu, leo mna programu nzuri kuliko ile ya Jamali. Zitumie, urembo si dhambi. Lakini panapokuwa na mtu anayesubiri neno, liandike palepale atakapolisoma, mapambo yatafuata. Na asije mtu akakupimia maneno ya mama kwa kisanduku. Akikulazimisha, mkatalie usoni kwa adabu, hata kama ndiye anayekulisha.

Mola akujaalie moyo mgumu penye haki, na neno lako limfikie kila anayemlilia mtu aliye hai.