Gari Lililoniposea Zhanqian

Ukipita barabara ya Zhanqian, hapa Guangzhou, halafu ukasikia watu wakimwita mtu "Mheshimiwa Mjomba" na kucheka mpaka wanashikilia marobota ya nguo wasianguke, usijisumbue kuuliza, mtu huyo ni mimi, na aibu yenyewe naisimulia kwa mdomo wangu kabla hujaisikia kwa wengine, maana wengine huongeza chumvi (mimi naongeza ya kukolezea tu).

Kwanza mnijue. Naitwa Shukuru, kazi yangu ni kuwazungusha wanunuzi kutoka nyumbani kwenye maduka ya jumla, nawatafsiria, nawafungia mizigo, na Kichina changu sikukiokota barabarani, nimekisomea shule ya jioni, natoka kubeba mizigo mabega yanawaka moto nakwenda kukaa dawati la mbele, na cheti ninacho, nimekitundika mahali ambapo mgeni akiingia kwangu hata akifumba macho atakiona. Leseni ya kuendesha gari ya hapa ninayo pia. Wenzangu wanaichukulia poa, lakini mtihani wake una maswali mengi kuliko siku ya kiyama na niliupita, mimi niliyelelewa na usukani wa kulia nikahamia wa kushoto kama niliyezaliwa nao (siku za mwanzo nikitaka kuwasha indiketa nilikuwa nawasha waipa, kioo kinafutwa na jua linawaka, lakini hayo si ya leo).

Na kuendesha Guangzhou si mchezo. Honi mjini hairuhusiwi, pikipiki za umeme hazina sauti, zinakutokea ubavuni kama mawazo mabaya, na magari yenyewe siku hizi yanaongea: kuna mama humo ndani anakukumbusha mkanda, anakukemea spidi, na ukipiga miayo anakwambia umechoka, kapumzike. Mama yangu mzazi hajawahi kuniambia nikapumzike.

Sasa, kuna Yusta. Yusta anasomea ufamasia chuo kikuu hapa, na sisi wawili tulishakubaliana, lakini aliyemlea ni mjomba wake, Mjomba Zefania wa Makambako, dereva wa malori kwa miaka mingi kabla hajafungua duka la spea, na mjomba huyo akaja kwenye maonyesho ya biashara ya Pazhou. Yusta akaniambia wazi, "Shuku, mjomba hamwamini mtu mpaka amwone kwenye usukani. Utamchukua Zhanqian, utamleta Pazhou. Akishuka amenuna, mimi siolewi bila baraka yake, na wewe unajua."

Nilijua. Ndiyo maana sikuthubutu kwenda na kigari changu cha mizigo, ambacho mlango wa abiria unafunguliwa kwa nje tu na siti yake ina harufu ya kila robota nililowahi kubeba. Nikaenda kwa laoban wangu, yaani bosi mwenye duka la jinzi ninakopeleka wateja, nikamweleza shida yangu kwa Kichina cha darasani, akacheka, akanipa gari lake jipya la umeme, jeupe, lina skrini kubwa kuliko televisheni ya jirani zangu wote wakichanga. Akaniambia niendeshe polepole. Akarudia. Nilipofika getini akanikimbilia akarudia tena.

Basi nikaingia barabarani, kiyoyozi kinapuliza, vioo vimefungwa, nimevaa shati lililopigwa pasi mpaka linakata, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniponza. Nikajiambia, Shukuru, fanya mazoezi ya yale utakayomwambia mzee, jirekodi, ujisikilize, urekebishe. Nikatazama skrini nikaona kitufe chenye picha ya maikrofoni na alama mbili za Kichina. Ya pili niliijua vizuri, ni "maneno". Ya kwanza sikuijua, lakini ubavuni ilikuwa na kialama cha mdomo, na shule ya jioni walitufundisha kwamba ukikwama, soma ubavu. Mdomo, maneno. Nini tena kama si kurekodi? Nikabonyeza, kitaa cha kijani kikawaka, nikajisifu kwa kusoma kwangu.

Nikaanza wakati nakata kona ya Zhanqian, kwenye msongamano wa mikokoteni na marobota, gari linatambaa.

"Mheshimiwa mjomba," nikasema kwa sauti ya kutoka tumboni, "mimi ni mfanyabiashara mkubwa katika mji huu. Gari hili ni langu. Kuna jingine nyumbani, jeusi, hilo ni la mvua. Malaoban wote wa maduka ya Guangyuan wakiniona wanasimama."

Watu wakageuka. Nikaona ni gari linawavutia, nikanyoosha shingo. Mkongo mmoja mwenye begi kichwani akaninyooshea dole gumba, midomo yake nikaisoma kupitia kioo, "Endelea, mukubwa." Nikampungia mkono kama waziri. Wapagazi wa Kichina wakasimamisha mikokoteni kunitazama, nami nikazidi kuvimba, maana barabara hiyo hakuna anayesimama hata mtu akianguka.

Nikaona nijibu na maswali ya mzee, ili nisishtukizwe. Nikamwigiza. Yusta alishanionjesha jinsi mjomba wake anavyoongea, anakohoa kwanza, kikohozi kirefu cha dereva wa masafa, halafu ndiyo linakuja neno. Nikakohoa. "Kijana, unakunywa pombe?" Nikarudi kwenye sauti yangu, "Hapana mjomba, naipitaga tu dukani." Nikakohoa tena. "Na mpwa wangu utamlisha nini?" "Mjomba, kwangu friji halifungiki kwa kujaa."

Hapo nikachoka na uongo wangu mwenyewe, nikashusha pumzi, nikajisemea kama mtu aliye peke yake: "Shukuru, huyu mzee atakujua tu. Gari si lako, ukilikwaruza laoban atakuchuna. Friji lenyewe huna. Una cheti, una leseni, na una Yusta, alipougua homa, hajajua Kichina bado, ulikaa naye hospitali unamtafsiria kwa daktari mpaka sauti ikakukauka, na ungekaa tena. Sasa hayo ndiyo hutaki kuyasema, unasema gari la mvua."

Nikafika kwenye lango la jengo la nguo. Mjomba Zefania alikuwa amekaa juu ya robota, kofia magotini, pembeni yake Mama Kulwa, mteja wangu wa siku nyingi kutoka Kahama, amejiziba mdomo kwa khanga na mabega yanatikisika. Nyuma yao umati, kama vile kuna kitu kimepunguzwa bei. Nikashusha kioo, nikasema kwa adabu zote, "Shikamoo mjomba," na shikamoo ile ikatoka mara mbili, moja mdomoni kwangu na nyingine mbele chini ya boneti, ikaenda ikagonga ukuta wa jengo, ikanirudia.

"Marahaba," akasema mjomba. "Zote mbili."

Nikakizima kile kitufe kwa vidole vyote. Ile alama ya kwanza, nilikuja kuambiwa, maana yake ni kupaza sauti. Gari lina spika ya nje, ya kuwaomba watu wapishe kwa kuwa honi hairuhusiwi, na mimi nilikuwa nimewahutubia Zhanqian nzima, barabara ambayo ukirusha jiwe utampata Mtanzania, na likidunda litampata Mkenya.

"Kijana," akasema mjomba, "gari la mvua liko wapi?"

"Halipo, mjomba."

"Na hili?"

"La laoban."

"Mimi nilikwambia, mzee," akadakia Mama Kulwa, "kijana ni mwongo wa mdomoni tu. Na ile sauti yako ameipatia, kikohozi kile kile."

"Mimi sikohoi vile," akasema mjomba, halafu akakohoa, kirefu, cha masafa, na umati ukavunjika mbavu kwa kicheko. Hakucheka yeye. Akasimama, akavaa kofia. "Kwetu mwanamume hajiposei, ana mshenga. Wako ni nani?"

Mama Kulwa akalipiga boneti makofi mawili ya kiganja. "Si huyu hapa."

Mjomba akaingia, akafunga mkanda, akaniambia nimpeleke Pazhou. Nikaendesha. Ndugu zangu, siku ile niliendesha kama nimebeba mayai ya taifa. Kabla ya daraja pikipiki ya umeme ikakata mbele yangu ikitokea upande usiotakiwa, nikakanyaga breki taratibu, kofia ya mjomba haikusogea magotini, sikutukana, nikampisha mwendeshaji apite na chakula cha watu anachosambaza. Kwa kona ya jicho nikamwona mzee amekanyaga kwa mguu wake wa kulia breki ya hewani, wakati ule ule niliokanyaga mimi. Akautazama mguu wake, akanitazama mimi.

Tulipofika Pazhou, Yusta alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, amevaa kitambulisho cha wakalimani, kibarua chake cha siku za maonyesho, mikono ameifumbata, anatafuta uso wa mjomba wake kwenye kioo.

"Kile kidude," akasema mjomba, "bado kinafanya kazi?"

Nikabonyeza. Akakohoa kwanza, barabara nzima ikageuka.

"Yusta. Njoo umchukue mtu wako. Breki anazijua. Mwambie alete barua, na safari hii atume mshenga mwenye miguu."

Tukatuma wa miguu, Mama Kulwa na mumewe, na barua ikapokelewa. Lakini nasimama kifua mbele kusema kwamba katika wanaume wote wa kwetu waliopita mji huu, ni mimi peke yangu niliyeposewa na gari, tena la kuazima. Cheti bado kiko ukutani, nami nimerudi kulipia darasa la jioni la ngazi ya juu. Na nimeapa: alama yenye mdomo ubavuni siibonyezi tena mpaka nimejua mdomo huo unataka kusema na nani.