Miguu Isiyouma

Nafundisha biolojia katika sekondari moja ya Ndhiwa, na kila mwaka wanafunzi wangu huchora seli ya neva wakidhani wamemaliza kazi. Huanza na kiini na mwili wa seli, kisha huvuta mkia mmoja mpaka ukingo wa karatasi. Nawaambia karatasi inawadanganya. Seli inayohisi kidole cha mguu imekaa kando ya uti wa mgongo, huku kiunoni, na mkia wake unashuka pajani, gotini na kwenye muundi bila kukatika mpaka ufike kidoleni. Mikia mingi imeviringishwa ala ya mafuta, na pembeni kuna seli nyingine za kuitunza. Wanafunzi huzisahau hizo za kutunza, nami hupunguza alama bila huruma.

Mama yangu hajawahi kuchora kitu kama hicho. Yeye ni mchuuzi wa omena, dagaa wa ziwani, huko Sindo. Huanika omena juu ya nyavu kuukuu ufuoni na kupita katikati peku, kwa sababu viatu, kwa maneno yake, vinaponda samaki. Nilipomwambia kwamba mtu mwenye ugonjwa wa sukari hatembei peku, alinijibu kuwa sukari iko kwenye damu, haiko kwenye mchanga. Kwa muda mrefu miguu yake ilikuwa ikiwaka moto, hata shuka ikiigusa anaruka. Kisha moto ukapoa wenyewe.

Sabato moja alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alisema Mungu amemwondolea maumivu ya miguu, na kwamba vidonge vya sukari sasa anameza mara mojamoja tu. Kanisa zima likaitikia amina. Mimi niliyekaa kando yake niliingiwa na hofu. Sukari ikizidi kwa miaka, huharibu mishipa midogo inayolisha neva, na mikia mirefu ndiyo hutangulia kufa, kuanzia nchani. Neva inayokufa hupiga kelele kwanza, ndipo inyamaze.

Nilimweleza hayo siku hiyohiyo tukila.

"Nyara," akasema, ambalo kwa Kijaluo ni "binti yangu", "kwa hivyo wewe unataka niumwe?"

Nilikasirika, nikaosha vyombo kwa kishindo.

Kwetu Wasabato, kila robo mwaka, kabla ya Meza ya Bwana, waumini hutawadhana miguu, wanawake katika chumba chao, wawili wawili. Robo hiyo nilimchagua mama. Alitia miguu kwenye beseni akaanza kuimba polepole. Nilipopitisha mkono chini ya unyayo wa kushoto, karibu na vidole, kitu kilinikwaruza. Ilikuwa ndoano ya samaki, ndogo, yenye kutu, imezama mpaka shingoni. Nilipoigusa, maji yakaanza kuwa mekundu.

"Mbona umeacha?" akaniuliza. "Maji yamepoa?"

Nilimwambia kuna ndoano mguuni. Akageuka kutazama mguu wa mama aliyekaa benchi la pili, akidhani nasema habari za huyo.

Siku iliyofuata tulikuwa hospitalini Homa Bay. Daktari alitaka kujua neva zimekufa mpaka wapi, naye hupima kwa kugusa unyayo na uzi wa nailoni.

"Mama, funga macho. Ukisikia nimekugusa, sema."

"Nasikia," mama akasema. Daktari alikuwa bado anautoa uzi kwenye pakiti.

Nilicheka, kisha nikashindwa kumtazama. Ndoano ilitolewa, lakini usaha ulikuwa umeshaingia kwenye vidole viwili, ikabidi vikatwe. Mguu wenyewe, daktari alisema, utabaki kwa masharti: vidonge kila siku, viatu vya kufunika, na kuukagua kila jioni kwa macho, kwa kuwa macho ndiyo yatakayofanya kazi ya neva.

Akiwa kitandani aliniuliza kama neva zitaota tena. Nilimjibu kimwalimu. Neva iliyokatwa kwa kisu huweza kuota, polepole sana. Iliyoharibiwa na sukari kwa miaka, nisingeitarajia.

"Na siku ile ya ushuhuda," akasema, "nilikuwa nashukuru nini?"

Nilimwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea mtu.

Alipopata nafuu alirudi kanisani amevaa viatu vikubwa asivyovipenda, na wakati wa maombi akasimama. Alisema aliyoyashuhudia hayakuwa uponyaji, ila hakujua. Akaomba jambo moja.

"Niombeeni uchungu wangu urudi."

Hakuna aliyejua namna ya kuitikia ombi kama hilo. Mzee wa kanisa akaanza kufunua kitabu cha nyimbo. Mimi, ninayejua kwamba hautarudi, nilisema amina, kwa sauti, peke yangu.