Mpira Ulioingia Kiondoni

Mpira wa mwisho wa mechi yangu ya kwanza nikivaa jezi ya Kenya uliishia ndani ya kiondo cha mama yangu, ukiwa bado unachezwa, na aibu hiyo ni yangu mimi, si yake. Chekeni tu, mtaa wetu wote wa Tassia umeshacheka.

Nianze mwanzo. Mimi ni kipa wa kriketi, yule anayechuchumaa nyuma ya vijiti vitatu akingoja mpira unaompita mpigaji. Kwa muda mrefu nilikuwa kipa wa akiba, kazi yangu kubeba chupa za maji, mpaka Atieno, kipa wetu mkuu, alipoumia kidole, na Kocha akaniita kando.

"Hii mechi ni yako," akasema. "Ukidaka vizuri, safari ijayo ya timu glavu ni zako. Ukiharibu, Atieno yuko karibu kupona."

Sasa Mama, ambaye ni karani katika kiwanda kimoja Industrial Area na hajui kriketi hata kidogo, akaamua kuja na akina mama wenzake wa kanisani, nao wakaja wengi, leso za kufanana, na poda (nitaifikia hiyo poda). Shida ni kwamba siku walipokuja kutuona mazoezini walimshangilia mpigaji wa upande wa pili, eti mpira wake umeenda mbali sana. Kwa hiyo asubuhi ya mechi nikawapa agizo dogo tu, ambalo wakati huo niliona ni la akili nyingi.

"Msijisumbue na sheria," nikawaambia. "Niangalieni mimi. Nikirusha mikono juu, jueni tumemtoa mtu, pigeni vigelegele."

"Kumbe ni rahisi hivyo," Mama akasema. "Na vile huwa mnaufanya mgumu!"

Jamani, ilifanya kazi! Nikadaka mpira uliogusa gongo la mpigaji wa kwanza, naye akatoka, mikono juu, vigelegele vikapasua uwanja. Wa pili, vivyo hivyo. Hata nilipoinua mikono kurekebisha helmeti tu walipiga, mpigaji akashtuka akarudi nyuma, mwamuzi akanikazia macho. Hapo ndipo nilipopaswa kuwaambia wapunguze. Sikuwaambia, kwa sababu, kusema kweli, nilikuwa nimenogewa.

Tukaufikia mpira wa mwisho kurushwa. Wageni wamebakiza mtu mmoja wa kutolewa, na wakikimbia mara mbili kutoka vijiti hadi vijiti wameshinda. Mpigaji akatoka nje ya mstari wake, ambako kipa akimwangushia vijiti ametoka, akapiga hewa, nami nikafagia vijiti kwa glavu, vikaruka, nikarusha mikono juu na kugeuka nikikimbia kama mwehu kuelekea walikokaa akina mama nyuma yangu, wenzangu wakaiona mikono wakaanza kukumbatiana, akina mama wakaruka kamba ya mpaka wa uwanja wakaja kunilaki, leso zikatandikwa kwenye nyasi, poda ya pongezi ikamwagwa kichwani mwangu mpaka sioni mbele, na Mama akawa anapiga kelele, "Mwanangu! Mwanangu wa Tassia!"

Ndipo nikasikia sauti ya nahodha wetu.

"We! Mpira uko wapi? Mpira!"

Nikafungua glavu. Zilikuwa na poda tu. Mpira ulikuwa umenipita chini ya mikono, vijiti niliviangusha mikono mitupu, jambo ambalo halimtoi mtu yeyote, na katika mbio zangu zote za ushindi nilikuwa nafuata njia ileile ya mpira, nikauruka bila kuuona. Wageni? Walikuwa wanakimbia!

Mwamuzi akaingia katikati ya leso. "Nani ana mpira?"

Mama akafungua kiondo chake polepole.

"Nimeuokota tuuweke sebuleni, karibu na televisheni," akasema. "Si mmeshinda?"

Nahodha wa wageni alicheka mpaka akaketi chini. Mwamuzi akaamua kwamba mchezo ulisimama pale Mama alipougusa mpira, na kufikia hapo walikuwa wamekimbia mara moja tu, kwa hiyo tukatoka sare. (Akina mama wakapigia hiyo sare vigelegele pia.)

Kocha akaja, akanyoosha mkono, nikampa glavu, akazikung'uta. Nikajua yangu yamekwisha. Lakini yeye akamgeukia Mama.

"Mama, mpira uliuokota ukibiringika ama ulikuwa umesimama?"

"Ukibiringika! Kwa mkono mmoja!"

"Mkono mmoja," Kocha akarudia, akinitazama mimi.

Nimeapa: mikono yangu haipiti kiuno tena mpaka mwamuzi ainue kidole chake kuonyesha kwamba mtu ametoka, na akina mama nimewaambia waangalie hicho kidole, mimi wanisahau kabisa. (Mama ameuliza ni kidole cha mkono gani.) Atieno amepona. Timu inaondoka wiki ijayo, na glavu bado ziko kwa Kocha.